Sheshe Chini ya Dungu

Tulimzika Gaudensia kule Lipangalala, siku ya jua kali, na kabla jeneza halijashushwa binti yake mkubwa alinijia, akanishika mkono, akasema, "Bibi Frida, katika wale wasichana wa chumba cha kushonea umebaki wewe peke yako. Tunaomba useme maneno mawili juu ya mama." Nikasema. Nilisema kwamba alikuwa na miguu iliyoweza kukanyaga cherehani tangu asubuhi mpaka kengele ya mchana bila kuchoka, kwamba sijapata kumsikia mtu aliyeimba sauti ya pili vizuri kama yeye, kwamba tuliwahi kulala kitanda kimoja tukajifunika blanketi moja. Watu wakatikisa vichwa kukubali. Binti yake akalia, akanishukuru. Niliyoyasema yote yalikuwa kweli. Lakini yapo niliyoyaacha, na tangu nirudi nyumbani, kijijini Mbingu, yamekuwa yakinizunguka kichwani, nikipika yapo, nikipalilia yapo. Basi nayaandika. Ni mambo ya mwaka mmoja tu wa miaka ya hamsini, nilipokuwa msichana kwa masista wa misheni pale Ifakara.

Chumba cha kushonea kilikuwa kirefu, chenye madirisha upande mmoja tu, na cherehani zilipangwa chini ya madirisha hayo ili kila mmoja apate mwanga. Katikati kulikuwa na meza kubwa ya kukatia, iliyochubuka kwa mikasi. Msimamizi alikuwa Sista Hedwiga, Mzungu mrefu ambaye Kiswahili alikijua cha kusali na cha kuagiza kazi. Chini yake alikuwepo Mama Yustina, Mpogoro wa Mahenge, mjane, ambaye hasa ndiye aliyetufundisha. Asubuhi tulikunywa chai ya rangi na wali wa jana uliopashwa moto, mchana tukala ugali na maharage, na siku ambayo wavuvi walileta kitu, kambale wa kukaushwa aliyechemshwa na nyanya mpaka harufu yake ikaingia kwenye vitambaa na Sista akatununia. Gaudensia, ambaye sote tulimwita Gauda, alilelewa na masista tangu mchanga. Hakuwa na ndugu hata mmoja aliyejulikana. Siku za sikukuu sisi wengine tulipoondoka kwenda kwetu, yeye alibaki akifagia chumba kile, akipaka cherehani mafuta. Nadhani ndiyo sababu alizijua kuliko sisi.

Kazi yetu kubwa ilikuwa kudarizi kwa cherehani vitambaa vya Krismasi: vya meza, vya sinia, foronya, vitambaa vya kufutia midomo. Mtu anayejua kushona nguo tu huenda asielewe kazi hii. Unaondoa ule mguu mdogo wa chuma unaokandamiza kitambaa, unaziba meno ya chini yanayokisukuma, kisha unakibana kitambaa kwenye fremu ya duara mpaka kikaze kama ngoma. Hapo cherehani haikuongozi tena. Miguu inakanyaga, na mikono inaipeleka fremu huku na huku chini ya sindano, kama mtu anayeshika karatasi na kuisogeza chini ya kalamu iliyofungwa mahali pamoja. Ukisogeza polepole, nyuzi zinarundikana. Ukisogeza haraka, sindano inakatika. Mimi nilikuwa hodari wa kuchora na wa wastani wa kudarizi. Gauda hakuweza kuchora hata jani, lakini umpe mchoro uliohamishwa kwa karatasi ya kaboni kwenye kitambaa, ungedhani kitambaa kilizaliwa nao.

Michoro yenyewe ilitoka Ulaya. Kulikuwa na miti yenye umbo la pembe tatu, kengele, wanyama wenye pembe kama matawi makavu, na nyota ndogo ndogo nyeupe ambazo tulizijaza kwenye kila pembe. Siku moja nilimwuliza Sista, "Haya maua meupe yanaota wapi?" Akacheka, akasema, "Si maua, Frida. Theluji. Maji baridi sana, inaanguka toka juu." Nikaitazama kazi yangu ya wiki nzima, nikaona kumbe nilikuwa nimeweka mashina ya kijani kwenye theluji. Gauda alicheka mpaka akaanguka begani kwangu. Mashina yale tuliyafumua sisi wawili, uzi kwa uzi, huku tukiulizana maji yanayoanguka bila kulowesha yanafananaje.

Masika ya mwaka ule, Sista akiwa likizo kwao Ulaya, nilimwomba Mama Yustina ruhusa nikamsaidie shangazi yangu kuamia ndege kwenye mpunga wake, ng'ambo ya mto. Shamba lilikuwa bondeni kabisa, na tulikaa kwenye dungu, kile kibanda cha miti kilichoinuliwa juu ya nguzo, ambamo mtu hukaa na kupiga kelele ndege wasitue. Mvua ikakaza. Tuliamka asubuhi moja tukakuta maji yamefika chini ya ngazi, yametuzunguka pande zote, na mpunga umebaki vichwa tu. Kwenye shamba la jirani alikuwepo mwanamke Mndamba, Mama Lukas, mjamzito, ambaye dungu lake lilikuwa limeanza kuinama. Mumewe alimleta kwetu kwa mtumbwi, kisha akaondoka na mtumbwi huohuo kwenda kutafuta msaada, na kabla hajarudi uchungu ulikuwa umemkaba mkewe. Shangazi ndiye aliyezalisha. Mimi nilikaa nyuma ya Mama Lukas, mgongo wake kifuani kwangu, mikono yake imenikamata mapaja mpaka nikabaki na alama. Mbele yetu, kwenye kichuguu kilichokuwa hakijamezwa na maji, walisimama sheshe, wanyama wa bondeni kwetu, wakubwa kuliko swala, wa rangi ya kahawia inayong'aa. Dume na majike na watoto wao, wamesongamana, maji yakiwafika kwato. Walikuwa wakitutazama sisi, hawakimbii, maana pa kukimbilia hapakuwepo. Mtoto alipotoka na kulia, wote waliinua masikio kwa pamoja. Mama Lukas akawaona, akaanza kucheka. Katika hali ile, na damu, na mvua ikitiririka ndani kupitia makuti, alicheka.

Niliporudi nilimsimulia Gauda peke yake. Tulikuwa tumekaa nyuma ya jiko tukichambua mchele, naye aliacha ungo mapajani akanisikiliza mdomo wazi. Kila nilipofika mwisho alisema, "Anza tena pale waliposimama wale sheshe." Siku nyingi baada ya hapo aliniomba nimsimulie tena, nami nikamsimulia, kwa sababu hakuna kitu kitamu kama kusikilizwa namna ile.

Kiangazi kilipoingia, Sista alitukusanya kwenye meza ya kukatia. Mama mmoja wa Kizungu mwenye duka Dar es Salaam, aliyekuwa akinunua kazi zetu, alikuwa amechoka na kengele. Alitaka Krismasi ya nchi hii. "Kila mmoja alete mchoro," alisema Sista. "Mmoja atachaguliwa, wote watadarizi huo. Na mwenye mchoro, mwakani, ataenda Dar es Salaam kusoma ualimu wa ushonaji." Mimi mjomba wangu alikuwa ameshaanza mazungumzo ya posa na watu wa Mbingu, na mwanaume mwenyewe nilikuwa nimemwona mara moja tu, kwa mbali, akifunga mzigo kwenye baiskeli. Ule ualimu niliutaka kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote.

Nilichora kwenye karatasi ya kufungia sukari, nimekaa sakafuni kando ya cherehani ya Mama Yustina. Bikira Maria nilimweka kwenye dungu, amejifunga kanga, mtoto mapajani, Yosefu ameshika nguzo. Chini, kwenye maji, niliwaweka sheshe, masikio juu. Kwa mbali milima ya Udzungwa, na nyota. Mama Yustina aliacha kukanyaga, akainama, akatazama muda mrefu. "Maria anacheka," akasema. "Ndiyo, Mama." "Hm," akasema, akaendelea na kazi yake, lakini niliona amefurahi. Kasoro ilikuwa rangi ya sheshe, maana hatukuwa na uzi wa namna ile. Mimi na Gauda tukachovya uzi mweupe kwenye chai ya rangi iliyokolea, tukauanika, tukauchovya tena, mpaka rangi ikaja yenyewe.

Kisha nikashikwa na homa. Ilikuwa malaria mbaya, walinipeleka wodini nikiwa sijijui. Kabla ya hapo, nikiwa nimeanza kutetemeka, nilimpa Gauda karatasi nikamwambia, "Nidarizie wewe, Gauda, Sista anataka kuona kwenye kitambaa. Nikipona nitakuja nimweleze." Akanipangusa uso kwa kanga yake. "Lala, Frida. Nitaifanya kama ya kwangu." Alisema hivyo hasa. Nimeyageuza maneno yale miaka mingi nikitafuta kama ndani yake kulikuwa na onyo, na naamini halikuwemo. Siku ile alikuwa bado rafiki yangu.

Nilipotoka wodini nilikuwa natembea kwa kushika ukuta. Nilipita chumba cha kupigia pasi, ambacho kilitengwa na chumba cha kushonea kwa pazia tu, na hapo nikasikia sauti ya Gauda akimsimulia Sista. "Maji yalikuwa yametuzunguka pande zote," alisema. "Nilikaa nyuma ya yule mama, mgongo wake kifuani kwangu." Nikasimama. Alisema habari ya mapaja. Alisema habari ya kichuguu, na kwato, na masikio yalivyoinuka kwa pamoja. Alisimulia vizuri kuliko mimi. Alijua pa kunyamaza. Sista alikuwa akisema, "Maskini, Gaudensia, maskini wewe." Na jambo ninaloona ajabu mpaka leo ni kwamba kwa kitambo kidogo mimi mwenyewe nilisikiliza kama mgeni, nikingoja kusikia kama mtoto atatoka salama. Halafu Sista akasema, "Na mchoro huu, umechora mwenyewe?" Gauda akajibu, "Ndiyo, Sista. Mwenyewe."

Sikuingia. Nilikwenda kumtafuta Mama Yustina, nikamkuta akianua vitambaa kwenye kamba. "Shikamoo, Mama." "Marahaba. Umepona, mwanangu?" Nikamwambia yote, nikalia. Yeye aliendelea kukunja kitambaa, pembe kwa pembe.

"Mama, wewe uliniona nikichora."

"Nilikuona."

"Basi twende umwambie Sista."

Akaweka kitambaa kikapuni. "Sista ameshatuma habari Dar es Salaam. Ameshalitaja jina. Nikienda leo kusema sivyo, chumba kizima tutaitwa waongo, na mimi wa kwanza." Akashusha sauti. "Na nikuambie jingine, Frida. Wewe una pa kwenda. Una mjomba, una shangazi, kuna watu Mbingu wanakungoja. Gauda akitoka hapa anakwenda wapi? Kwa nani?"

"Kwa hiyo nimpe?"

"Sijasema umpe," alisema Mama Yustina. "Nimesema umeshapona, mshukuru Mungu."

Gauda mwenyewe nilimkuta mtoni, anafua. Nilikuwa nimepanga maneno mengi, lakini nilipomwona yalinitoka yote, nikauliza moja tu. "Gauda, yule mtoto alizaliwa mbele ya macho ya nani?" Hakuniangalia. Alikamua foronya mpaka maji yakaisha, akaikamua tena. Kisha akasema, "Wewe unayo mengine kichwani, Frida. Ukikaa chini na karatasi unapata jingine. Mimi nilikuwa na hilo moja tu, na hilo ulinipa wewe." Nikamwambia sikumpa, nilimsimulia. Akasema, "Kwangu ni mamoja." Akabeba beseni lake kichwani akapanda ukingo, mgongo umenyooka, nami nikabaki nimesimama kwenye maji kama mtu aliyesahau alichofuata.

Nilikwenda kwa Sista siku iliyofuata, peke yangu. Alinisikiliza, kisha akauliza kwa upole, "Mchoro wa kwanza uko wapi, ule wa karatasi?" Sikuwa nao, Gauda alisema ulitumika na kaboni ukachanika. Sista akanishika paji la uso kupima kama homa imerudi.

Miezi iliyofuata tulidarizi dungu. Wasichana wote, cherehani zote, dungu na sheshe, kitambaa baada ya kitambaa, na Gauda akapewa kazi ya kupita nyuma yetu kusahihisha. Sijui kama mnaweza kuelewa jambo hili. Nilikuwa nimeinama juu ya fremu, nadarizi mguu wa sheshe niliyemwona kwa macho yangu akitetemeka ndani ya maji, na Gauda anasimama begani kwangu anasema, mbele ya wote, "Frida, miguu umeifanya mirefu mno. Maji yaliwafika kwato, hayakuwafika magoti." Na alikuwa sahihi. Mimi ndiye niliyemwambia. Nikafumua, nikadarizi upya. Kitandani tulikuwa tumeacha kulala pamoja. Alihamia upande wa dirisha, na kila mmoja akajifunika shuka lake.

Vitambaa vingi vilipakiwa kwenye lori kwenda Dar es Salaam kabla barabara haijaharibika. Vichache vilibaki, na Jumapili ya mwisho ya Majilio, kabla tu ya Krismasi, vikapangwa kwenye meza barazani, watu wanunue baada ya misa. Sista alisimama nyuma ya meza na Mama Yustina na Gauda. Mimi na wengine wachache tulikuwa pembeni tukikunja. Ndipo nikamwona Mama Lukas anakuja, amevaa kanga mpya, mtoto mgongoni. Alipita akitazama tu kama watu wengine, kisha akasimama. Akainama juu ya kitambaa kimoja, akaweka kidole kwenye uso wa Maria, na kicheko kikamtoka, kicheko kilekile. Akaanza kusema kwa Kindamba, kwa sauti, maana Kiswahili hakukijua vizuri. Alisema, huyu ni mimi. Alisema, hili ni dungu la shangazi yake Frida, na hawa ni wale sheshe. Akanigeukia, akanionyesha kwa mkono wote, akasema, huyu binti ndiye aliyenishika, nilimwumiza mapaja, mwulizeni.

Sikuwa nimemwita. Alikuja mwenyewe, kwa miguu yake, na mtoto mgongoni.

"Anasema nini?" Sista aliuliza.

Gauda alijibu upesi. "Anasema kitambaa ni kizuri sana, Sista. Anasema Maria ni kama mama wa huku kwetu."

"Hakusema hivyo!" nilipiga kelele. "Sista, hakusema hivyo! Anasema ni yeye, na mimi ndiye niliyekuwepo!"

Wasichana waliokuwa pale, na nusu yao Kindamba wakikijua kama walivyojua majina yao, walitazama vidole vya miguu yao. Sista alinitazama mimi, akamtazama Gauda, kisha akamgeukia yule aliyemwamini kuliko sote wawili. "Mama Yustina? Amesema nini?"

Mama Yustina alikuwa ameshika foronya. Aliilaza mezani, akainyoosha kwa kiganja. "Anasema ni kizuri, Sista," alisema. "Anasema ni kizuri tu."

Sista akavuta pumzi. Hakukasirika, na ningefurahi kama angekasirika. "Frida," alisema, "wivu ni dhambi. Na hii ni Majilio." Mama Lukas alituangalia mmoja mmoja, kicheko kikiisha usoni kidogo kidogo, akiona kwamba kuna jambo asilolijua. Akamweka mtoto sawa mgongoni, akaniaga mimi peke yangu, akaenda zake.

Baada ya Krismasi sikurudi kwenye chumba kile. Gauda alikwenda Dar es Salaam, nami nikaolewa Mbingu na yule mwanaume wa baiskeli, ambaye alikuwa mtu mwema na mcheshi, na sina neno baya juu yake. Gauda alirudi mwalimu kamili, akaolewa, akafundisha ushonaji wasichana wa bonde zima, na mmoja wao alikuwa binti yangu, kwa sababu mwalimu mwingine hakuwepo. Tulisalimiana kanisani. Tulipelekeana mchele mtu alipozaliwa au alipokufa. Watu walituona marafiki wa zamani na sikuwa na nguvu ya kuwaeleza. Mama Yustina alikufa mapema, nami nilikwenda mazishini kwake na jicho langu lilikuwa kavu. Yeye ndiye aliyeniumiza zaidi. Gauda alichukua kwa sababu alitaka; Mama Yustina alinitazama, akapima, akaamua kwamba anayeweza kuachwa apoteze ni mimi.

Mume wangu alipofariki, Gauda alikuja matangani Mbingu, akakaa mpaka tulipoondoa msiba. Alipika, alifua, alinilazimisha kunywa uji. Ndani ya moyo nilingoja. Nilidhani amekuja kwa ajili hiyo, kwamba sasa sote ni wazee na mume wangu amelala kaburini, atanivuta pembeni aseme. Alasiri moja wanawake walikuwa wamekaa kwenye mkeka wakimenya vitunguu, na mmoja akamwomba, "Mwalimu, tusimulie ile ya dungu." Akaisimulia. Mbele yangu. Maji pande zote, mgongo kifuani, mikono mapajani. Nilimkazia macho nikitafuta aibu, au hata ukaidi, na sikuona. Macho yake yalikuwa na machozi. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba hakuwa akidanganya tena. Alikumbuka. Mvua ile ilikuwa imemlowesha.

Alipomaliza, mwanamke mmoja kijana aliuliza, "Na yule mtoto, walimpa jina gani?"

Gauda alifungua mdomo. Jina hilo sikuwahi kumtajia. Lilitolewa baadaye, na nililisikia kwa shangazi wakati mimi na Gauda tulikuwa hatusemezani tena. Alinigeukia. Wanawake wote wakageuka pia, visu mikononi.

"Masika," nilisema. "Alibatizwa Perpetua, lakini kwao wanamwita Masika mpaka leo. Yuko Mkula, anauza ndizi barabarani, ana wajukuu."

"Kumbe na wewe unamjua, Bibi Frida?"

"Nilikuwepo," nikasema. Miaka yote ile ya kunyamaza, kumbe lilikuwa neno moja tu.

Gauda aliupangusa uso kwa ncha ya kanga, akaweka mkono wake juu ya goti langu, mkono wa joto, wenye harufu ya vitunguu.

"Ndiyo," akawaambia. "Tulikuwa wote wawili."

Kisha akanyanyuka kwenda kutazama wali usiungue.